Majina ya Viongozi wa Vijiji na Shule, na Matumizi Yake

(Maneno yaliyonenwa na mwanachama mmoja katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kibugu)



 Watu wa kale walisema, penye wazee haliharibiki neno. Leo nimekuja na maneno ambayo, kwa maoni yangu, yameanza kuharibika mikononi mwetu, nanyi ndio mnaoweza kuyatengeneza. Ni majina tunayowaita viongozi wa vijiji na wa shule.

Labda mtu atasema, "Jina lina kazi gani? Kiongozi ni kiongozi." Basi nitaanza na habari ya jirani yetu mmoja, mama mjane. Aliambiwa alete barua ya "mkubwa wa kijiji" ili mwanawe aombewe msaada wa karo. Akaenda kwa mzee wa kijiji, akaandikiwa barua nzuri, akapanda gari kuipeleka. Huko akaambiwa kwamba iliyotakiwa ni barua ya chifu. Akarudi Kibugu, akaitafuta ya chifu, na alipofika mara ya pili siku za kupokea maombi zilikuwa zimekwisha. Mtoto akakaa nyumbani muhula mzima. Hakuna aliyemdhulumu mama yule kwa kusudi. Neno "mkubwa" ndilo lililompoteza njia.

Ndugu zangu, jina la kiongozi latueleza mambo mawili: nani aliyemweka, na atatoa hesabu kwa nani. Tukilichanganya jina, twagonga mlango usio wake.

Tutazame nyuma kidogo. Babu zetu wa Embu hawakuwa na mtu mmoja wa kutawala nchi nzima. Mambo yaliamuliwa na kiama, yaani baraza la wazee. Ndugu zetu wa Meru walikuwa na Njuri Ncheke, tena wakamwita msemaji wao mugambi, neno lililo jamaa moja na neno la sauti. Kwa majirani zetu Wakikuyu, muthamaki alikuwa mzee aliyesikilizwa kwa hekima yake. Lakini Biblia ya Kikuyu ilipofasiriwa, neno hilohilo likatumiwa kwa mfalme. Tazameni jinsi neno liwezavyo kumpandisha mtu cheo ambacho watu wake hawakumpa!

Serikali ya Waingereza ilitunga sheria ya wakuu wa vijiji mwaka 1902, na mwaka 1906 ikaingia Embu kwa nguvu za silaha. Tangu hapo akatokea kiongozi wa namna nyingine, aliyewekwa kutoka juu. Watu wakalichukua neno la Kiingereza, wakalitamka kwa ulimi wao: chifu. Nasema walifanya vema kutomwita mzee wa kiama, maana hakuwa yeye. Aliwekwa na Serikali, akalipwa na Serikali, akatoa hesabu kwa Serikali.

Hata neno "kijiji" lina habari yake. Watu wa migongo hii walijenga kila jamaa penye shamba lake. Mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, Serikali ililazimisha watu kuhamia vijiji. Kufikia mwisho wa mwaka 1955, watu zaidi ya milioni moja wa Kikuyu, Embu na Meru walikuwa wamekusanywa katika vijiji zaidi ya 800. Wakikuyu husema gichagi. Basi kwa mzee aliyeyaona mambo yale, kijiji kilikuwa handaki, walinzi, na saa za kutotoka nje. Leo twalitumia neno hilo kwa amani, kumaanisha mtaa wetu wa majirani. Neno laweza kuponywa, lakini halijiponyi lenyewe.

Sasa nije kwenye vyeo vya leo. Chifu na chifu msaidizi ni watumishi wa Serikali ya Taifa. Zamani sheria yao ya Kiingereza ilikuwa na neno "mamlaka" katika jina lake. Katika mabadiliko ya mwaka 1997 neno hilo liliondolewa, na nguvu zao nyingi zikapunguzwa. Mzee wa kijiji ni mtu mwingine. Nguvu yake hutoka kwa majirani wanaomwamini, na kazi yake ni kupatanisha na kupeleka habari mbele. Tena kuna msimamizi wa kijiji, cheo kilichowekwa na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012. Huyu ni wa Kaunti, wala si wa chifu. Mzee wa kijiji na msimamizi wa kijiji majina yao yafanana kama mapacha, lakini baba zao ni wawili.

Hata katika Kiswahili cha ng'ambo ya mpaka tahadhari yahitajika. Katika Tanganyika ya Wajerumani, jumbe alikuwa mkuu wa kijiji chini ya akida. Mwaka 1963 Tanganyika iliondoa utawala wa machifu. Leo Tanzania Bara wana mwenyekiti wa kijiji, aliyechaguliwa kwa kura, na mtendaji wa kijiji, aliyeajiriwa. Zanzibar wana sheha. Mgeni akija kwetu akamwuliza mtendaji, tusimcheke. Tumwulize ana haja gani, kisha tumwelekeze.

Na shuleni je? Twasikia "hedimasta", "prinsipali", "mwalimu mkuu", "mkuu wa shule". Watanzania hutenganisha: mwalimu mkuu ni wa shule ya msingi, mkuu wa shule ni wa sekondari. Sisi Kenya twasema mwalimu mkuu kwa zote mbili, wala hakuna kosa. Kosa ni kumwita "mwenye shule". Mwalimu mkuu wa shule ya umma huwekwa na Tume ya Huduma za Walimu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1967, na yaweza kumhamisha. Shule haihami naye.

Tena, kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, shule ina Bodi ya Usimamizi. Katika bodi hiyo mwalimu mkuu ni katibu, si mwenyekiti. Wazazi wengi hawalijui jambo hili. Hukaa kimya mkutanoni wakidhani kwamba mwenye kalamu ndiye mwenye neno la mwisho. Katibu huandika yaliyoamuliwa. Wanaoamua ni bodi. Mzazi akijua hivyo, atauliza swali lake kwa adabu na bila hofu, na mwalimu mkuu mwema atafurahi, maana hataki kubebeshwa peke yake mzigo wa watu wengi.

Wazee wangu, sisemi haya ili tuwapunguzie viongozi heshima. Kumwita mtu kwa cheo chake cha kweli ndiyo heshima yenyewe. Umwitaye "mkubwa" umempa sifa. Umwitaye "chifu" au "katibu" umemkumbusha kazi.

Basi naleta maombi matatu. Kwanza, katika barua na kumbukumbu za chama chetu tusiandike tena "mkubwa wa kijiji" wala "mkubwa wa shule". Tuandike cheo kamili. Pili, mwanachama akitumwa kutafuta barua, Katibu wetu amwandikie kwenye karatasi cheo kinachotakiwa, ili asisafiri mara mbili. Tatu, vijana wetu waliosoma wakae na wazee, waandike majina ya zamani ya viongozi wa Embu pamoja na kazi zake, kabla hayajazikwa pamoja na wanaoyajua.

Mama yule niliyemtaja yumo humu ndani, naye ameniruhusu kusema habari yake bila jina. Mwanawe amerudi shuleni. Lakini muhula ule hautarudi, na hakuna barua iwezayo kuurudisha.

 Neno nimelileta penye wazee, nawaachia.