Dishi na tokeni za stima

Msikilizaji, ukitaka kufunga dishi la Starlink, la intaneti ya setilaiti, juu ya mabati kule Mwingi au Marsabit, wa kwanza kukushawishi atakutajia ada ya mwezi na kunyamaza. Mwache amalize, kisha muulize habari ya stima.

Huduma hii ilipoingia Kenya Julai 2023, vifaa viliuzwa karibu shilingi 90,000. Mwaka uliofuata bei ikashuka hadi 45,500, na asiye na kiasi hicho akapewa nafasi ya kukodi kwa 1,950 kwa mwezi. Kifurushi cha nyumbani kisicho na kikomo kilikuwa 6,500. Jumla 8,450, na hapo tokeni hujagusa.

Dishi la kawaida hula kama wati 75 kwa wastani, na hata lisipotumika haliachi kula. Liache usiku na mchana, mwezi ukiisha limemaliza yuniti 54. Sasa nyumba ya taa nne, redio na simu za kuchaji mara nyingi haifikishi yuniti 30, ndiyo maana hulipa ile bei ya chini kabisa. Dishi likiingia, nyumba inapandishwa daraja, na hata yuniti za taa zinapanda bei pamoja nalo. Hilo muuzaji hakwambii.

Wa sola naye asijidanganye. Paneli ya wati 50 kwa siku ya jua kali itakupa umeme wa kuendesha dishi hilo saa tatu hivi, na taa zenu zisubiri. Afadhali dishi dogo, lile Mini, linalotumia kama nusu yake. Na lolote ulilo nalo, lizime saa nne usiku hadi alfajiri. Theluthi moja hivi ya stima yake imebaki mfukoni.

Kifurushi kidogo cha GB 50, kilichouzwa 1,300 mwaka 2024, nacho kilikuwa na mitego. Mechi moja kwa picha safi hula zaidi ya GB 4, na simu za wageni zikishika waifai tu, zinaanza kujisasisha zenyewe.

Kwa maoni yangu, kijana anayepata riziki kwa kazi za mtandaoni alipe, itarudi. Wa WhatsApp tu, ikiwa simu yake inashika mtandao, bando linamtosha. Na nyinyi majirani mnaotaka kuchangishana mvutiwe mtandao kutoka kwa mmoja, someni masharti kwanza: kifurushi cha nyumbani hakiruhusu kuuza mtandao.