Kiti cha Ndugu Yetu
(Maneno tuliyoyasema katika mkutano wa tawi)

Leo hatutasema habari ya mishahara. Twataka kusema habari ya kiti.

Mwenzetu mmoja alianguka kutoka jukwaa la ujenzi akaumia uti wa mgongo. Mwajiri akamletea kiti cha magurudumu, picha ikapigwa. Sisi pia tulikuwapo katika picha ile, tukapiga makofi. Kiti kilikuwa kipana mno, naye akawa amelalia upande mmoja kutwa nzima. Hakusikia maumivu, maana toka kiunoni kwenda chini hana hisia. Mkewe ndiye aliyekiona kidonda, nacho kimekwisha karibia mfupa. Alilala hospitali miezi mitatu.

Basi sikilizeni. Anzeni na nyonga, kwa kuwa nyonga ikikaa upande, mgongo nao hupinda. Makalio yafike nyuma kabisa. Upana wa kiti uwe sawa na upana wa nyonga. Kikizidi, jazeni pande zote mbili kwa vibao vilivyovikwa sponji. Baina ya ukingo wa mbele wa kiti na nyuma ya goti ibaki nafasi ya sentimita 3 mpaka 6. Kisha shikeni spana mrekebishe vibao vya miguu. Vikiwa juu mno, mapaja huinuka na uzito wote huangukia makalio. Vikiwa chini mno, mtu huteleza mbele.

Halafu mto. Mwombeni ruhusa kwanza (mtu si gunia), mpitishe vidole kati ya mto na mfupa wa kalio. Ncha za vidole zikiweza kucheza juu na chini, vema. Zikibanwa kabisa, mto huo haufai, hata kama ni mpya. Kila jioni ngozi itazamwe. Alama isiyoondoka baada ya nusu saa ni mwanzo wa kidonda. Asipakalie mahali hapo mpaka papone.

Tena, sheria ya mwaka 2007 ya majeraha ya kazini yamtaka mwajiri alipie vyombo vya mlemavu, na kuvitunza, kuvitengeneza na kuvibadili. Kuleta kiti mlangoni siyo mwisho wa deni lake.

Karani wa tawi anao utepe wa kupimia na spana. Mwenye kumjua mwenzetu aliye katika kiti na aonane naye leo, kabla ya kutoka.