Kubadilisha Oili ya Injini Nyumbani kwa Pampu ya Kuvuta: Kila Lita Iwe na Hesabu Yake

(Maelezo kwa wananchi wa Kata ya Rubafu, Wilaya ya Bukoba)

Leo tunazungumzia kazi ambayo mmiliki wa gari anaweza kuifanya mwenyewe nyumbani: kubadilisha oili ya injini kwa pampu ya kuvuta. Ujumbe wetu ni mmoja. Kila lita iwe na hesabu yake: iliyotoka ijulikane, iliyoingia ijulikane, na mahali ilipopelekwa ile chafu pajulikane.

Pampu hii ni tangi dogo lenye mpini na mrija mwembamba. Mrija huo hupitishwa katika tundu la kijiti cha kupimia oili hadi chini ya injini. Mtu anapopampu, hewa hupungua ndani ya tangi, na mgandamizo wa hewa ya nje huisukuma oili ipande mrijani. Njia hii imezoeleka katika injini za boti, ambazo mara nyingi hazina nafasi ya kufungulia nati ya chini. Kwa mwenye gari, faida yake kubwa ni usalama, kwa kuwa halazimiki kulala chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki.

Kazi yenyewe huanza kwa kuegesha gari mahali tambarare, kufunga breki ya mkono na kuweka mawe magurudumuni. Injini iwashwe kwa dakika chache, nje, penye hewa ya kutosha, ili oili ipate joto na kuwa nyepesi. Kisha izimwe na kuachwa kidogo, maana oili yenye joto kali huunguza ngozi na huweza kuharibu mrija. Baada ya hapo, mrija uingizwe taratibu hadi uguse chini, na pampu ifanye kazi mpaka ivute hewa tupu. Ni vyema kuusogeza mrija juu na chini kidogo, kwani huenda oili imebaki pembeni.

Hapa ndipo kosa kubwa hutokea. Si kila injini humruhusu mrija kufika pale oili inapotuama. Tuchukue mfano wa gari ambalo kitabu chake kinaeleza kuwa hujaa kwa lita 4. Ikiwa pampu imetoa lita 3 tu, mmiliki akimimina lita 4 mpya, injini itakuwa na lita 5. Oili iliyozidi huweza kupigwapigwa na mashine zinazozunguka ndani hadi itoe povu. Na oili yenye povu hailainishi ipasavyo. Aidha, huweza kuvuja kupitia sili. Kwa hiyo, ipimeni iliyotoka kabla ya kumimina mpya. Miminini kwa kiasi pungufu, subirini dakika chache, someni kijiti, kisha ongezeni kidogo kidogo hadi alama ya juu bila kuivuka.

Pampu pia haibadilishi chujio la oili. Chujio likiwa juu, mmiliki anaweza kulibadilisha mwenyewe. Likiwa chini, kazi hiyo apewe fundi mwenye vifaa vya kuliinua gari salama. Vilevile, gari lililonunuliwa likiwa limetumika, au lililokaa muda mrefu bila kubadilishwa oili, ni afadhali lifunguliwe nati ya chini ili matope yaliyotuama yatoke.

Kuhusu oili mpya, nunueni ile yenye daraja la uzito lililotajwa katika kitabu cha gari, kama vile 5W-30 au 10W-40. Kagueni alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na hakikisheni kifuniko hakijafunguliwa. Daini risiti. Mkitilia shaka bidhaa, hifadhini risiti, kopo na oili iliyobaki, kisha toeni taarifa TBS au Tume ya Ushindani. Kopo tupu likatwe kabla ya kutupwa, ili mtu asilijaze oili duni na kuliuza tena kama jipya.

Sasa tufike kwenye oili chafu, ambayo ndiyo sehemu ya hesabu inayosahaulika. Tunafahamu kuwa wapo wanaoipaka kwenye nguzo na mbao ili kuzuia mchwa, na wapo wanaoimwaga pembezoni mwa kibanja. Oili hiyo imebeba chembe za metali na sumu zilizotokana na uunguaji wa mafuta. Mvua ikinyesha, mteremko huipeleka kwenye chemchemi na hatimaye ziwani. Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani hueleza kuwa oili ya badiliko moja tu la gari inaweza kuchafua galoni milioni 1 za maji safi, yaani takriban lita milioni 3.8. Rubafu ni kata ya mwambao wa Ziwa Victoria. Maji tunayoyazungumzia ndiyo yanayochotwa kwa kupikia, na ndimo wanamovuliwa sangara na dagaa wanaoshushwa mwaloni.

Tunawashauri muihifadhi oili chafu katika dumu gumu lenye kifuniko, lililoandikwa OILI CHAFU, mbali na watoto na moto. Kamwe isitiwe katika chupa ya maji ya kunywa au ya soda, na isichanganywe na petroli wala maji. Mkiwa wachache, unganisheni madumu yenu na kuyapeleka kwenye gereji inayokusanya. Oili chafu ni taka hatarishi. Anayeikusanya na kuisafirisha hupaswa kuwa na kibali, nanyi mna haki ya kumwomba awaonyeshe. Vaeni glovu, na mkichafuka nawieni kwa sabuni, si kwa petroli.

Ndugu wananchi, andikeni katika daftari tarehe, kilomita, lita zilizotoka, lita zilizoingia na mahali oili chafu ilipopelekwa. Mistari hiyo michache itailinda injini yenu na maji ya jirani zenu.