Kati ya Kadi na Kadi: Kulinda Ruhusa ya Kazi kwa Vijana wa Kyela Wanaosoma Marekani

Mada iliyowasilishwa katika semina ya wazazi, walimu na wahitimu, Kyela



Nimeombwa nizungumzie kazi kwa mwanafunzi aliye Marekani. Mada ni pana, kwa hiyo nitachukua kipande kimoja: ule muda ambao kijana anatoka kwenye mpango mmoja wa mafunzo kwa vitendo kuingia mwingine. Nimekichagua kwa sababu hapo ndipo vijana wenye alama nzuri, na waajiri wanaowataka, hupoteza haki ya kufanya kazi, na wakati mwingine haki ya kubaki nchini humo. Na nimependa kulisema hili mbele ya wazazi, maana mara nyingi shinikizo linalomponza kijana hutoka huku nyumbani.

Watu wa mwambao huu hawakuanza leo kwenda mbali kutafuta riziki. Babu zetu walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa kule Chunya, wakavuka hadi migodi ya shaba ya Zambia ya sasa, na wengine wakafika Johannesburg. Wao walikwenda kama vibarua. Kijana wa leo anaingia Marekani kwa viza ya F-1, ambayo ni ya kusoma. Kazi anaruhusiwa kwa sababu inamkamilishia masomo yake, na ruhusa hiyo ina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Tarehe ikipita, hata kama mwajiri anampenda vipi, kila saa anayofanya kazi ni kosa.

Mipango yenyewe

Wa kwanza huitwa CPT. Huu ni wa kipindi cha masomo: chuo chenyewe ndicho kinachoidhinisha, na idhini huandikwa kwenye hati ya uanafunzi ya I-20 ikitaja mwajiri na tarehe. Hauna kadi ya ruhusa ya kazi. Mtego wake uko kwenye hesabu: mwanafunzi akifanya CPT ya muda wote kwa miezi 12 au zaidi, amejifungia mpango wa pili katika ngazi hiyo ya elimu. Wapo wanaoshangilia mwaka mzima wa mshahara wakiwa bado chuoni, kumbe wanakula mbegu. CPT ya nusu muda, yaani saa 20 kwa wiki au pungufu, haina madhara hayo.

Wa pili ni OPT, miezi 12 kwa kila ngazi ya elimu, na wengi huutumia baada ya kuhitimu. Huu huombwa kwa idara ya uhamiaji, USCIS, kwa fomu I-765, na majibu yake huja kwa kadi. Mwaka 2024 ada ya kuomba kwa njia ya mtandao iliwekwa dola 470.

Wa tatu ni nyongeza ya miezi 24 kwa waliosoma sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati, wanayoiita STEM OPT. Tangu 2008 ilikuwa miezi 17. Mwaka 2016 ikawa 24. Wenye viza ya J-1 wana utaratibu wao kupitia shirika au chuo kilichowadhamini, nao sitauingia leo.

Kuvuka kutoka mmoja hadi mwingine

Tupige hesabu kwa mfano. Kijana wetu anamaliza shahada ya uhandisi tarehe 15 Mei 2026. Anaweza kuanza kuomba OPT siku 90 kabla, yaani 14 Februari, na mlango unafungwa siku 60 baada ya kumaliza, 14 Julai. Kabla ya kuomba, ofisa wa chuo anayeshughulikia wanafunzi wa kigeni anaweka pendekezo kwenye SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa rekodi za wanafunzi wa kigeni, na tangu siku hiyo kijana ana siku 30 za kuwasilisha maombi. Kinachohesabika ni siku ambayo USCIS imepokea.

Akishaomba anapata risiti. Hapa nawaomba wazazi mnisikilize. Mkulima wa Ngonga au Ipinda aliyepeleka kakao kwenye ghala la chama cha ushirika, AMCOS, anajua kwamba stakabadhi aliyopewa si fedha. Atasubiri mnada, kisha atasubiri malipo. Risiti ya OPT ya kwanza ni hivyohivyo. Kijana hawezi kuanza kazi nayo. Anasubiri kadi, na hata kadi ikifika, anasubiri tarehe ya kuanza iliyoandikwa juu yake.

Kadi yenyewe isomwe kwa makini. OPT ya baada ya kuhitimu ina alama C03B. Ile ya nyongeza ni C03C. Tarehe zimeandikwa Kimarekani, mwezi ukitangulia siku. 07/04 kwao ni tarehe 4 Julai. Sisi tuliozoea kuanza na siku tunasoma 7 Aprili. Kwa kijana anayehesabu siku, kosa la namna hiyo linatosha kumharibia.

Tuseme kadi yake inaanza 1 Julai 2026 na kuisha 30 Juni 2027. Kuanzia siku hiyo ya kwanza, kila siku asiyokuwa na kazi inahesabiwa, na jumla isizidi 90 kwa mwaka wote. Kazi iwe ya saa 20 kwa wiki au zaidi, na ihusiane na alichosomea. Kubeba boksi kwenye ghala, au kulea wazee kwa mwenye shahada ya uhandisi, hakumwokoi. Kwa macho ya kanuni, siku zake za kukosa kazi zinaendelea kuhesabiwa.

Kwa nyongeza ya STEM, maombi yanaweza kupelekwa kuanzia siku 90 kabla kadi haijaisha: 1 Aprili 2027. Ni lazima yapokelewe kabla ya 30 Juni kupita, na ndani ya siku 60 tangu ofisa wa chuo aweke pendekezo lake. Mwajiri awe amesajiliwa kwenye E-Verify, mfumo wa serikali wa kuhakiki ruhusa za kazi, amlipe mshahara, na asaini naye fomu I-983 inayoeleza kijana atafundishwa nini na nani atamsimamia. Waajiri wadogo wengi hawamo kwenye E-Verify. Kijana aulize jambo hilo siku ya usaili, akiwa bado na nafasi ya kuchagua.

Safari hii risiti ina uzito. Aliyeomba kwa wakati anaruhusiwa kuendelea na kazi kwa siku 180 baada ya kadi ya zamani kuisha, akisubiri uamuzi. Kwa mfano wetu, siku hizo zinaishia 27 Desemba 2027, au siku uamuzi utakapotoka, ikitangulia. Aliyechelewa hata kwa siku moja hapati ulinzi huo.

Nyongeza ikishatolewa, anaongezewa siku 60 za kukosa kazi, jumla 150 kwa vipindi vyote viwili. Akibadili anwani au mwajiri, atoe taarifa ndani ya siku 10. Kila miezi 6 athibitishe taarifa zake chuoni, na akihama mwajiri, fomu I-983 mpya iandaliwe. Haya ni mambo madogo ya kuandika, na vijana huyapuuza kwa kuwa hakuna anayewapigia simu kuwakumbusha.

Uko mvuko mwingine ambao wazazi huusukuma kwa nia njema: "Mwanangu, usikae bure, anza shahada ya pili." Rekodi yake ya SEVIS ikihamishiwa chuo kipya, OPT inakufa hapohapo, hata kama kadi inaonyesha miezi minne mbele. Akiwa kazini siku hiyo, anatakiwa kuacha. Shahada ya pili ni jambo jema, ila tarehe ya kuhamisha rekodi ipangwe na chuo mapema.

Mlango wa nyuma umefungwa

Kwa hali ya sasa, makosa haya yana gharama kubwa kuliko zamani. Kwa tangazo la Rais wa Marekani la Desemba 2025, lililoanza kutumika 1 Januari 2026, utoaji wa viza za wanafunzi umesimamishwa kwa Watanzania walio nje ya nchi hiyo bila viza halali. Jirani zetu wa Malawi, ng'ambo ya mto Songwe, wamo kwenye orodha ya tangazo hilo, na Zambia pia. Mwanzoni mwa 2026 USCIS nayo iliagiza maombi mengi ya raia wa nchi hizi yasitolewe uamuzi kabla ya kupitiwa upya. Maana yake ni kwamba zile siku 180 zinaweza kuisha kijana akiwa bado anasubiri. Zikiisha, anaacha kazi, anamweleza mwajiri ukweli na kurudi kwa ofisa wa chuo siku hiyohiyo. Asifanye kazi ya kujificha.

Hapo ndipo ninapofika kwenye jambo gumu, nalo ni msiba. Sisi Wanyakyusa tunajua uzito wa msiba. Mtoto asiyefika kumzika mzazi husemwa, na maneno hayo humfuata miaka. Lakini tuelewe jinsi viza inavyofanya kazi. Stika iliyo kwenye pasipoti ni ya kuingilia. Ikiisha muda kijana akiwa ndani ya Marekani, hafukuzwi, mradi hadhi yake ya mwanafunzi iko salama. Akitoka nje, ndipo anahitaji stika mpya ili arudi, na stika hiyo kwa sasa hapewi. Anayekuja kuzika wiki hii, maombi yake ya nyongeza yakiwa mezani, huenda ameiaga kazi yake na mafunzo yake yote.

Kwa maoni yangu, ukoo ndio unaopaswa kumpunguzia mzigo huu. Wazee wakae mapema, kabla halijatokea lolote, wamwambie waziwazi kwamba likitokea, asije, na kwamba hatahesabiwa mkosaji. Kijana mwenyewe hawezi kulitamka neno hilo. Likitoka kwa wazee, atakuwa na amani.

Vivyo hivyo kwa fedha. Kati ya kuhitimu na kupata kadi kuna miezi ambayo kijana hana mshahara na haruhusiwi kuutafuta. Simu ya kuomba ada ya mdogo wake au bati za nyumba, ikipigwa katika miezi hiyo, ndiyo inayomsukuma kuendesha teksi kwa jina la mwenzake. Kazi isiyo na ruhusa inaivunja hadhi ya F-1, na kuirejesha ni kazi ngumu.

Ombi langu kwenu, wazazi wenye watoto huko, ni hili. Mkirudi nyumbani leo, mpigieni mwanenu mumwulize tarehe nne: anamaliza masomo lini, kadi inaanza lini, inaisha lini, na siku gani anaweza kuomba inayofuata. Ziandikeni kwenye kalenda ya ukutani, mwezi kwa jina lake. Na kabla familia haijakata tiketi yoyote ya ndege, mwacheni kwanza azungumze na ofisa wa chuo chake.