Programu Iliyojificha Bado Inafanya Kazi



Tunapotembelea vikundi, tunaona vingi siku hizi vinaweka hesabu za akiba na mikopo kwenye kompyuta. Ni vizuri. Lakini tuongee juu ya jambo dogo linaloweza kutupotezea hesabu hizo.

Mama akifunika sufuria, githeri haijaacha kuchemka. Programu ni vivyo hivyo. Ukiishusha, haionekani, lakini bado inafanya kazi. Tutajuaje? Tuangalie ule mstari wa chini ya skrini. Mstari huo ulikuja na Windows 95, mwaka wa 1995, na upo hadi leo. Kila programu iliyofunguliwa ina alama yake hapo. Upande wa kulia, karibu na saa, kuna alama ndogo ndogo za zile zinazofanya kazi kimya kimya: ya printa, ya intaneti, ya kuzuia virusi. Nyingine zimefichwa nyuma ya mshale mdogo. Bonyeza mshale, utaziona.

Tangu Windows 7 ya mwaka wa 2009, ukinakili faili kubwa kwenye flashi, rangi ya kijani hujaa kidogo kidogo kwenye alama ya chini. Kijani hakijafika mwisho? Basi kazi haijaisha. Na alama ikimetameta, programu inakuita, inataka jibu.

Flashi ikichomolewa katikati ya kazi, faili yaweza kuharibika. Kwa hivyo mweka hazina atazame mstari huo kwanza, ndipo achomoe flashi au azime kompyuta. Akiba ya mwanakikundi ni jasho lake. Tuitunze.