Tuwasaidie Vijana Wetu Kujifunza Sanaa

Ndugu wanafunzi mlio katika madarasa ya Mpanda mjini, Inyonga, Usevya, Karema, Mishamo na kwingineko katika Mkoa wa Katavi, fungueni karatasi zenu. Maneno mnayoyasikia redioni ndiyo haya yaliyoandikwa hapa. Yafuateni kwa kidole, polepole.

Leo tutazungumza juu ya sanaa shuleni. Sanaa ni kuchora, kufinyanga, kuchonga, kusuka na kufuma. Ngoma na nyimbo pia ni sanaa. Katika mtaala wa shule za msingi ulioanza kutumika Januari 2024, limo somo la Sanaa na Michezo. Basi somo lipo. Lakini je, vifaa vipo? Na mwenye kuijua kazi yuko wapi? Hapo ndipo sisi wazazi tunapohitajiwa.

Wengine huuliza, "Mtoto akichora, atakula nini?" Swali hilo ni la haki, nasi tulijibu. Mwashi huchora nyumba kabla ya kuchimba msingi. Seremala huchora kitanda kabla ya kukata ubao. Mshonaji huchora kwa chaki kabla ya kukata kitambaa. Mkono uliozoea kuchora hupima vizuri, na jicho huona kosa mapema.

Tena fikirini habari za Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, akaenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Hakuwa na mali. Mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya hadibodi, kwa rangi za kupaka baiskeli. Ujuzi wake hakuuficha, bali aliwafundisha jamaa zake. Alifariki mwaka 1972, lakini wanafunzi wake waliendelea, na leo picha za namna hiyo huitwa kwa jina lake. Asingalifundisha, kazi ile ingalikwisha pamoja naye.

Upande wetu huu pia tunao mfano, nao unasikitisha. Zamani watu wa bonde la Rukwa walilima pamba, wakaisokota, wakafuma nguo zao wenyewe. Nguo za dukani zikaja, na vijana wakaacha kufundishwa. Leo ni nani darasani kwenu ajuaye kufuma nguo ile?

Basi tufanye nini? Yako mambo matatu.

Kwanza, tuwapelekee walimu watu wenye ujuzi. Bibi mfinyanzi aweza kualikwa shuleni, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu. Atawaonyesha watoto jinsi ya kuchagua udongo, kuondoa mawe, kuchanganya vigae vilivyosagwa, na kuanika chungu kivulini. Chungu kikichomwa kabla hakijakauka, maji yaliyomo hugeuka mvuke na kukipasua. Hapo watoto wamepata sanaa na sayansi pia.

Pili, tutafute vifaa visivyo vya fedha. Tia vijiti vikavu katika kopo lenye kifuniko chenye tundu dogo. Liweke motoni mpaka moshi ukome. Likipoa, utapata mkaa wa kuchorea. Udongo mwekundu, udongo mweupe na masizi, kila kimoja kikichanganywa na uji mwepesi wa muhogo, hutoa rangi tatu.

Tatu, tutoe tulicho nacho. Shule za serikali hazitozi ada. Mchango ni wa hiari, wala mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu mzazi wake hakutoa. Kamati ya shule na iandike: penseli ngapi, karatasi ngapi, kwa bei gani. Ukitoa shilingi elfu moja, omba stakabadhi, uisome. Sasa unajua kusoma. Hakuna wa kukuficha hesabu. Haba na haba hujaza kibaba.

Maswali ya kujibu darasani:

1. Kwa nini chungu hupasuka motoni?
2. Tingatinga alitumia rangi gani?
3. Mzazi asiye na fedha aweza kuisaidia shule namna gani?

Kazi ya kuandika: Andika kazi moja ya mikono ifanywayo kijijini kwenu, na jina la mzee aijuaye. Mpelekee mwalimu mkuu karatasi hiyo kabla ya somo lijalo. Kwaherini.