MALI ISIYOMO KATIKA DAFTARI
Hotuba ya Katibu wa Chama katika sherehe ya kutimiza miaka kumi, Kasanga



Wenzetu waliotangulia wamekwisha kueleza habari za mahindi, maharage, ulezi na alizeti. Wameeleza habari za ghala na mizani. Na Mweka Hazina amesoma hesabu. Hatutayarudia hayo. Sisi twaomba kusema juu ya jambo ambalo kwa muda wote wa miaka kumi limeandikwa mara moja tu katika kumbukumbu za Chama hiki, na mara hiyo liliandikwa vibaya. Jambo lenyewe ni kazi ya sindano ya nyumbani: mifarishi ya viraka, mbeleko, foronya na vitambaa ambavyo mama zetu huwashonea jamaa zao bila kutaka malipo.

Yawezekana baadhi yenu mwajiuliza, Je, sindano na ushirika vina uhusiano gani? Twaomba subira yenu.

Sote twaijua nchi yetu. Hapa Kasanga, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, tuko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na joto la ziwa hutufaa usiku. Lakini mtu akipanda kupitia Matai mpaka Sumbawanga, amepanda kiasi cha mita 1,000 zaidi, na huko juu baridi ya Juni na Julai haina mzaha. Sasa fikirini jambo hili. Baridi huja wakati ule ule wa mavuno, wakati bei ya mahindi iko chini kuliko nyakati zote za mwaka. Watoto wanatetemeka, baba hana fedha, mlanguzi amesimama mlangoni na mfuko wake. Gunia linauzwa kwa bei ya kutupa ili blanketi linunuliwe. Katika miaka hii kumi tumewasihi wanachama wasiuze mapema, wangojee bei ya Chama. Lakini aliyeweza kungojea mara nyingi ni yule ambaye nyumbani kwake palikuwa na mtu aliyeshona. Mfarishi ule haukuandikwa popote, lakini ndio uliolinda gunia lisitoke.

Tena kazi ya nguo si ngeni katika nchi hii. Wazee wetu walilima pamba katika bonde la Rukwa na kandokando ya ziwa, wakaisokota na kufuma nguo nzito iliyoitwa seketa. Livingstone alipopita ufuko huu wa mashariki mnamo mwaka 1872 aliandika habari za pamba iliyolimwa huku na nguo zilizofumwa. Joseph Thomson naye aliwakuta Wafipa wakifuma alipofika mwaka 1880. Baadaye zilikuja nguo za viwandani, nyepesi na rahisi, na vitanda vya mfumi vikanyamaza kimoja baada ya kingine. Leo ni nani kati yetu tuliokaa hapa awezaye kufuma seketa? Ufundi ule haukukatazwa na mtu. Uliondoka pamoja na waliokuwa nao, kwa kuwa vijana hawakuketi karibu yao kujifunza.

Twaliweka neno hilo la seketa mbele yenu kwa sababu tuliuona msiba kama huo ukikaribia nyumbani kwetu wenyewe. Tutaueleza kwa ufupi.

Mama yetu alianza kushona mfarishi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wazee mtakumbuka kwamba baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nguo ziliadimika sana madukani, na mtu aliyepata jora la amerikani alikuwa kama aliyepata ng'ombe. Hapakuwa na blanketi la kununua. Basi mama alikusanya kila kilichochakaa, akakifua, akakianika, akakata sehemu zilizokuwa bado nzima. Viraka alivipanga chini juu ya jamvi kabla ya kutia sindano, vyepesi kwa vyepesi na vizito kwa vizito, kwani kiraka cha khaki kikishonwa juu ya kiraka cha kanga humvuta mwenzake mpaka kikamchana. Katikati aliweka blanketi kuukuu lililotoboka, na chini akatia bitana ya mifuko ya unga iliyofunuliwa. Kwanza alipiga bandi, mishono mirefu ya kushikiza tu, ili tabaka zote tatu zisihame. Kisha akaja na mishono midogo, mstari kwa mstari, akitoka katikati kwenda pembeni ili nguo isifanye mikunjo. Mwisho akakunja pindo. Kazi ile alifanya usiku kwa mwanga wa kibatari, baada ya kutwanga, kupika na kulaza watoto. Kila kiraka kilipochakaa alibandika kingine juu yake, na hivyo mfarishi ule haukumalizika kamwe. Sisi watoto wake wote tulilala chini yake.

Baba alipofariki, jamaa walikutana kugawa mali. Sisi, kwa kuwa tu makatibu, tulipewa kalamu. Tuliandika ng'ombe, plau, baiskeli, magunia yaliyomo ghalani na hisa za baba katika Chama. Kila kitu kiligawiwa kwa amani wala hapakuwa na neno. Ugomvi ulizuka jioni, juu ya kitu ambacho hatukukiandika. Kaka yetu mkubwa alitaka mfarishi. Dada yetu naye akautaka. Maneno yakawa makali kuliko yale ya ng'ombe. Mama alinyamaza mpaka wote walipochoka. Kisha akautandika mfarishi mbele yetu akasema, "Kwanza niambieni mnachogombania. Hiki ni nini?"

Alikuwa ameweka kidole juu ya kiraka cha khaki. Hicho tulikijua: ni koti alilovaa baba alipokuwa akipakua mizigo bandarini hapa Kasanga, siku ambazo meli Liemba ilikuwa ikitia nanga. Aliuliza cha pili. Dada akajibu kwamba ni sare yake ya shule. Cha tatu kilikuwa kanga ya bibi. Halafu akaweka kidole juu ya kipande kidogo cha bafta, kilichokwajuka kabisa, karibu na pindo. Hakuna aliyejua. Mama akasema kwamba ilikuwa mbeleko ya mtoto wake wa kwanza, aliyeishi miezi minne. Ndugu zangu, sisi tulikuwa watu wazima wenye watoto wetu, na siku hiyo ndipo tulipopata habari kwamba tulikuwa na ndugu aliyetutangulia.

Mama akakunja mfarishi akasema, "Hautagawiwa. Nitampa yule atakayekaa chini akajifunza kuushona, maana macho yangu hayaoni tena tundu la sindano, na nguo isiyotiwa kiraka hufa."

Kaka alisema hiyo ni kazi ya wanawake. Mama akamwonyesha fundi cherehani wa sokoni, mwanamume mwenye ndevu, asiulize zaidi. Basi tuliketi jamvini, sisi tunaosema nanyi, pamoja na shemeji yetu na binti mmoja wa dada. Tuliwazoea watu wanaotusifu kwa mwandiko mzuri. Mishono yetu ya kwanza ilikuwa mirefu na myembamba kama miguu ya korongo, na mama aliifumua yote kwa kuipapasa tu kwa vidole. Binti wa dada anatushinda mpaka leo. Mfarishi bado uko kwa mama. Lakini kila kiraka sasa kina watu watatu wanaojua kilitoka wapi.

Ndugu Mwenyekiti, hapo ndipo tulipokumbuka ukurasa ule wa kumbukumbu za Chama. Katika mwaka wa nne kundi la akina mama, baadhi yao wanachama kwa hisa zao wenyewe, walituletea ombi. Waliomba mkopo mdogo wa jora mbili za kitambaa, uzi na cherehani moja. Ombi lile lilijadiliwa kwa muda mfupi kuliko wa kunywa kikombe cha chai. Tukaandika kwa mkono wetu: "Limekataliwa. Si pembejeo ya kilimo." Akina mama walishukuru kwa adabu wakaondoka, wala hawakurudi tena. Bodi haikukosea kwa ubaya. Ilifuata ushauri wa ofisi, na ofisi ni sisi. Kwa hiyo twaomba radhi mbele ya mkutano huu, na twaomba maneno haya yachapishwe katika kijitabu cha sherehe, kwani yale ya kwanza nayo yaliandikwa.

Yafaa mjue kwamba si sisi wa kwanza kukutana na jambo hili. Kule Marekani, katika jimbo la Alabama, kuna kijiji kiitwacho Gee's Bend, chenye watu weusi ambao mababu zao walikuwa watumwa katika mashamba ya pamba. Wanawake wa huko walishona mifarishi kwa nguo kuukuu za kazi ili watoto wasife kwa baridi. Mwaka 1942 mmoja wao, Missouri Pettway, alipofiwa na mumewe, alikata nguo za kazi za marehemu akashona mfarishi, apate kujifunika na kumkumbuka. Mwaka 1966 wanawake wa sehemu zile waliunda chama cha ushirika cha washonaji, Freedom Quilting Bee, wakauza mifarishi mpaka New York. Mwaka 1972 chama kilipata mkataba wa kushona foronya za kampuni kubwa ya biashara iitwayo Sears. Foronya zile zilitakiwa zote zilingane. Lakini masalio ya kitambaa yalichukuliwa nyumbani, na kwa masalio yale wanawake waliwashonea jamaa zao mifarishi ya kupendeza, kila mmoja kwa namna yake. Chama kile kilifungwa mwaka 2012. Lakini mifarishi iliyoshonwa nyumbani, bila agizo la mtu, imepata heshima kubwa: tangu mwaka 2002 imeonyeshwa katika majumba ya sanaa ya Marekani.

Twajifunza nini hapo? Twajifunza kwamba chama chaweza kusaidia kazi ya nyumbani bila kuimeza. Chama kilete kitambaa, na nyumba ibaki na mfarishi wake. Si kila kitu kizuri sharti kipelekwe mizanini. Mnajua wenyewe kwamba katika mahari ya watu wengi wa nchi hii hutajwa mkaja na mbeleko ya mama wa binti, na siku hizi mara nyingi hutolewa fedha badala ya nguo. Fedha ni njema, wala hatuikatai. Lakini noti haimbebi mtoto mgongoni.

Kwa hiyo basi, twaleta mapendekezo manne ili mkutano uyafikirie.

Kwanza, Chama kinunue vitambaa, uzi na sindano kwa bei ya jumla, kama kinunuavyo mbolea, na kuwakopesha wanachama wake, wake kwa waume, ili walipe baada ya mauzo.

Pili, katika miezi ya masika ghala letu likiwa tupu, liwe mahali pa kujifunzia kushona. Akina mama wenye ujuzi waalikwe kuwa walimu na walipwe posho kama wataalamu wengine. Tusiwaite "wasaidizi".

Tatu, mtu akishona zaidi ya mahitaji ya nyumba yake na akataka kuuza, Chama kimtafutie soko. Lakini kilichoshonwa kwa ajili ya jamaa kisihesabiwe, kisikatwe ushuru, wala kisiwekwe dhamana ya mkopo wowote.

Nne, na hili halihitaji fedha wala kura: kila mmoja wetu akirudi nyumbani jioni ya leo amwombe mama, bibi au shangazi amweleze habari za nguo moja tu aliyoishona. Aulize ilitoka wapi na ilishonwa kwa ajili ya nani. Kama ana mtoto anayejua kuandika, aandike.

Sisi tumefundishwa, na tumewafundisha ninyi, kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa miaka kumi tulidhani maana yake ni kwamba kisichomo katika daftari si mali. Tulikosea. Mama zetu walikuwa na daftari lao: kurasa zake ni viraka na wino wake ni uzi. Sisi wenye shule ndio tuliokuwa hatujui kulisoma.

Tukijaliwa kuona miaka kumi mingine, twatumaini katibu atakayesimama mahali hapa ataweza kusoma hesabu za mahindi, kisha aseme ni nyumba ngapi za wanachama ambamo kijana anajua kutia uzi katika sindano ya bibi yake.

Idumu kazi ya mikono yetu, na udumu ushirika wetu.